Maswali yanayoulizwa sana kuhusu frampeni za nonstiki na plastiki zenye florini: zikichakaa zinaenda wapi?

Kila nikigusia habari ya frampeni watu wananiuliza haya haya, kuanzia mama mdogo mpaka wale vijana wa skrepa wanaopita mtaani na mizani, kwa hiyo nimeona bora nijibu yote sehemu moja. Mi sio mkemia. Nimekulia nyuma ya kibanda cha kuyeyusha alminiamu hapa Dar, mjomba wangu anamwaga sufuria mpaka leo, alafu nikaja kufanya kazi za taka ndo nikaanza kusoma haya mambo kwa hasira kidogo. Msimamo wangu utauona kwenye kila jibu: frampeni ikiwa kabatini sio kesi kubwa kivile, kesi iko siku inapotengenezwa na siku inapokufa, na kwetu huku inakufa juu ya mkaa.

Plastiki yenye florini ndo ipi hiyo?

Plastiki ya kawaida kama ya ndoo ni mnyororo mrefu wa kaboni umevalishwa haidrojeni. Sasa vua haidrojeni, valisha florini, umepata kitu kingine kabisa, asidi haikiwezi, mafuta hayakishiki, jua halikichoshi. Maarufu zaidi ni PTFE, ambayo wengi tunaiita Teflon japo hilo ni jina la biashara tu. Aliyeipata ni Roy Plunkett, tarehe 6 Aprili 1938 huko New Jersey, Marekani, na wala hakuwa anaitafuta, alikuwa anashughulika na gesi za friji. Walifungua mtungi gesi ikagoma kutoka, wakaupima uzito bado upo, wakaukata kwa msumeno wakakuta unga mweupe unateleza.

Nyumbani kwako ipo kwenye frampeni, na ipo kwenye ile tepu nyeupe fundi bomba anayozungushia tredi kabla hajafunga koki. Ndugu yake anaitwa PVDF yuko ndani ya betri nyingi za lithiamu, za simu na hizi za bodaboda za umeme, anafanya kazi ya gundi. Kwenye baadhi ya sola ile karatasi nyeupe ya mgongoni nayo ina plastiki ya ukoo huo. Kwa hiyo usidhani ni habari ya jikoni peke yake, sola zilizofungwa miaka ile ya mwanzo zimeshaanza kurudi kwenye skrepa.

Kwani inashindikana nini kuichakata kama chupa za maji?

Chupa ya maji ukiipasha inayeyuka, unaimimina, unapata kitu kipya. PTFE inafika nyuzi 327 inalainika lakini haitiririki, inabaki imekaa pale pale kama ugali uliogoma kushuka kwenye mwiko, kwa hiyo mashine za kawaida za plastiki hazina la kuifanya. Alafu kwenye frampeni yenyewe ni ngozi tu, nyembamba kuliko unywele, ukiikwangua yote unapata gramu chache. Nani atakusanya frampeni elfu moja apate kilo kadhaa za ngozi iliyoungua na mafuta ya samaki?

Kinachochakatwa kweli ni mabaki ya viwandani, yale maganda yanayotoka mtu akichonga bushi na sili za PTFE kwenye mashine ya leti, kwa sababu ni masafi na yako sehemu moja. Yanasagwa, yanashindiliwa, yanaokwa upya, ila hayarudi na nguvu ile ile. Au yanapigwa mionzi mpaka yanakuwa unga laini wa kuchanganya kwenye wino na grisi, na hapo napo kuna mtego maana mionzi ikipigwa mbele ya hewa inazaa PFOA, ambayo tutaifikia. Ulaya nzima mwaka 2020 plastiki hizi zilizochakatwa zilikuwa kama asilimia 3 tu ya taka zake, zaidi ya asilimia 80 zilichomwa. Ulaya hao, wenye magari ya taka yanayokuja kwa ratiba.

Nilisikia Wajerumani wameweza, ni kweli?

Waliweza kwa kiwango cha majaribio. Mwaka 2015 kampuni ya Dyneon, iliyokuwa chini ya kampuni kubwa ya Marekani 3M, ilifungua kiwanda kidogo Gendorf kule Bavaria chenye uwezo wa tani 500 kwa mwaka. Walikuwa wanapasha mabaki zaidi ya nyuzi 600 bila oksijeni, mnyororo unakatika unarudi kuwa gesi ile ya mwanzo kabisa, wanaisafisha wanatengeneza plastiki mpya kama hakuna kilichotokea. Akili nzuri sana. Tatizo gesi yenyewe inalipuka, huwezi kuipakia kwenye lori ukaipeleka kwa mteja, inabidi uwe na kiwanda cha plastiki mlango wa pili. Alafu Desemba 2022 3M hao hao wakatangaza wanaachana na kutengeneza kemikali za jamii hii hadi mwisho wa 2025.

Mwaka 2025 watafiti wa vyuo vikuu vya Newcastle na Birmingham, Uingereza, wakaonyesha njia nyingine: unaweka PTFE kwenye mashine ya kusaga yenye gololi pamoja na sodiamu ya metali, unasaga bila kupasha moto, florini inahamia kwenye chumvi ya sodiamu floraidi, hii hii inayowekwa kwenye dawa ya meno. Oxford nao wana ya kwao ya kusaga kwa chumvi za fosfeti. Bado ni kazi za maabara. Na tafadhali, sodiamu ya metali ikigusa maji inawaka, kwa hiyo fundi wangu usije ukaniambia umejaribu kwenye karakana za Gerezani hapa Dar.

Mafundi wanayeyusha frampeni zetu wanatengeneza sufuria mpya, si ndo kuchakata kwenyewe huko?

Kwa upande wa alminiamu ndio, na nawavulia kofia, alminiamu inayopotea mikononi mwao ni ndogo kuliko unavyodhani. Ila nikueleze kinachotokea maana nimekiona kwa macho, nimekaa pale na madaftari ya shule nikisubiri mjomba amalize tuondoke.

Kuna chungu cha chuma kizito, chini mkaa, pembeni feni ya kupuliza iliyotolewa kwenye gari. Frampeni inagongwa nyundo mpini unang'oka, inakunjwa, inatupwa ndani. Alminiamu inayeyuka nyuzi 660. Kabla haijafika huko ule weusi unapita nyuzi 300, 400, 500, na kuanzia 400 hivi kwenda juu ndo PTFE inavunjika kwa kasi. Haitoi moshi mzito mweusi kama tairi, ndo ubaya wake, unaona kamvuke kepesi, weupe weupe, kanawasha koo. Humo kunaweza kuwa na asidi ya haidrofloriki ambayo inakula mpaka kioo, na gesi moja inaitwa PFIB ambayo ni sumu kama mara kumi ya fosjini iliyotumika vita vya kwanza vya dunia. PFIB imeandikwa kwa jina kwenye Mkataba wa Silaha za Kemikali. Sisemi kila frampeni moja inaua mtu, ngozi yake ni gramu chache na pale ni nje kuna upepo, ila huyu jamaa anainama juu ya chungu siku nzima kukoroga na kutoa takataka za juu, na siku mzigo wa frampeni ukiingia sio moja ni kiroba.

Kulikuwa na kijana pale kwa mjomba, kila baada ya siku za frampeni jioni anaanza kutetemeka, homa, kifua kimebana, anasema malaria imenirudia. Anapima, hakuna wadudu. Kesho kutwa yuko mzima anapiga kazi. Miaka mingi baadae nikasoma kuhusu homa ya moshi wa hizi plastiki, inaanza masaa machache baada ya kuvuta, inafanana na mafua makali, inaisha yenyewe ndani ya siku moja au mbili, nikabaki nimekodoa macho. Siwezi kuapa kwamba ndo ilikuwa yenyewe. Lakini alimeza dawa za malaria kama karanga yule mtu.

Fundi afanye nini basi, aache frampeni?

Hawezi kuacha, ndo mkate wake. Kwenye viwanda vya wenzetu ile ngozi inaondolewa kwanza kwa kemikali au kwenye oveni maalumu ambayo moshi wake unachomwa mara ya pili na kusafishwa, kitu ambacho kibanda cha mabati hakina. Kwa mazingira yetu kilicho afadhali (afadhali, sijasema salama) ni hivi: zitenge frampeni usizichanganye na rimu na vichwa vya injini, zikwangue kwanza zikiwa zimelowa maji ili vumbi lisiruke, makwangu yaingie kwenye mfuko yasiende kwenye moto, na siku ya kuziyeyusha ujue upepo unatoka wapi usimame upande huo. Barakoa ya kitambaa haizuii gesi, usijidanganye.

Na sigara hapana. Hii sio mahubiri ya afya, ni kwamba chembe za PTFE mkononi zikishika kwenye sigara zinaungua pale pale kwenye kichwa cha moto na unazivuta moja kwa moja, wafanyakazi wa viwandani Marekani na Ulaya waliugua sana kwa njia hiyo hiyo.

Eti inaua ndege, au ni maneno ya mtandaoni?

Ni kweli. Mapafu ya ndege yanapitisha hewa kwa njia tofauti na yetu, yanachukua sumu haraka, kasuku na chiriku wanakufa ndani ya muda mfupi frampeni tupu ikisahauliwa jikoni juu ya moto. Kama vifaranga unawalea jikoni kwa sababu ya joto, na wengi tunafanya, hilo ni la kuangalia. Frampeni tupu kwenye gesi inapita nyuzi 260 ndani ya dakika chache tu. Ukikaanga kawaida yenye mafuta na chakula huwa haifiki huko.

Imeandikwa "haina PFOA", sasa si ni salama?

Hapa wanakuchezea kidogo. PFOA haikuwa ile ngozi nyeusi, ilikuwa ni sabuni ya kiwandani inayosaidia kutengeneza ngozi, na kwenye frampeni iliyokamilika ilikuwa imebaki kiduchu. Waliooga nayo ni majirani wa viwanda. Kule Parkersburg, West Virginia, kampuni ya DuPont, wenye Teflon yao, waliimwaga mtoni na kwenye mashimo ya taka miaka na miaka, ng'ombe wa mfugaji mmoja wakaanza kufa, mwanasheria Robert Bilott akaishika kesi, na mwaka 2012 jopo la wanasayansi likahusisha PFOA na magonjwa 6 ikiwemo saratani ya figo na ya korodani. Mwaka 2017 DuPont na Chemours, kampuni iliyojitenga kutoka kwao, wakakubali kulipa dola milioni 671. Mkataba wa Stockholm uliipiga marufuku PFOA mwaka 2019, japo na misamaha kadhaa, na Desemba 2023 shirika la utafiti wa saratani la WHO likaiweka kundi la kwanza, yaani inasababisha saratani kwa binadamu, mjadala umefungwa.

Walipoitoa wakaweka nyingine inaitwa GenX, nayo ikakutwa kwenye mto Cape Fear, North Carolina, ambao watu wanakunywa. Kwa hiyo kibandiko ni cha kweli, ila kinajibu swali la juzi.

Nikiitupa dampo ikazikwa, itaoza baada ya muda gani?

Haiozi. Kifungo cha kaboni na florini ni moja ya vifungo vigumu kabisa kwenye kemia ya kaboni, hakuna bakteria wa dampo anayekula PTFE. Ikizikwa vizuri inakaa tu kama kigae, na kiukweli PTFE iliyotulia ardhini sio adui yangu mkubwa, molekuli yake ni kubwa mno haipenyi mwilini kirahisi. Wasiwasi ni mabaki ya kemikali ndogo ndogo za utengenezaji yanayoweza kuchuruzika na maji, na chembe chembe zinazomomonyoka.

Lakini dampo letu gani linazika? Dandora pale Nairobi limefunguliwa 1975, mwaka 2001 likasemwa limejaa, na mpaka leo malori yanaingia na moshi unatoka. Pugu Kinyamwezi hapa Dar hivyo hivyo, linafuka. Na moto wa kufuka ndo mbaya zaidi kwa hizi plastiki, haufiki joto la kuzimaliza, unaziacha nusu nusu. Watu wa Tabata walienda mahakamani 1988 kwa sababu ya moshi wa dampo wakashinda, dampo likahamishiwa Vingunguti, wa Vingunguti nao wakalikataa. Hatujawahi kuumaliza moshi, tunauhamisha kata.

Na insinereta je?

Kubwa na nzuri, ndio inawezekana. Watafiti wa Karlsruhe, Ujerumani, walichoma PTFE kwenye tanuri la majaribio kwa masharti ya matanuri ya taka ya Ulaya, joto la nyuzi 850 kwenda juu na moshi kukaa humo angalau sekunde 2, hawakukuta kemikali ndogo za PFAS (ndo jina la ukoo mzima wa hizi kemikali za kaboni na florini, PFOA na GenX zimo) za kuhesabika. Florini inatoka kama asidi ya haidrofloriki, inapitishwa kwenye chokaa, inanaswa. Ukikosa joto au ukikosa hewa ya kutosha unaweza kupata gesi kama CF4 ambayo ikishaenda angani inakaa miaka 50,000 na inapasha dunia maelfu ya mara kuliko kaboni dayoksaidi. Sasa kile kijumba cha tofali nyuma ya zahanati chenye bomba fupi mnakiitaga insinereta, hicho hapana jamani, hicho ni jiko.

Madumu ya dawa za shamba nayo yana florini?

Baadhi. Kuna madumu ya plastiki ya kawaida ambayo yanapulizwa gesi ya florini ukutani ili dawa yenye kiyeyusho isipenye. Mwaka 2020 huko Massachusetts walikuta PFAS kwenye dawa ya mbu, wakafuatilia, mamlaka ya mazingira ya Marekani ikagundua zinatoka kwenye dumu lenyewe, sio dawa. Shida ni kwamba kwa macho huwezi kulitofautisha, lina alama ya namba 2 kama dumu lingine lolote, likienda kusagwa linachanganyika na mengine linarudi kama ndoo au bomba. Mi ushauri wangu ni ule ule wa mabwana shamba wa siku zote, suuza mara tatu, maji ya kusuuzia rudisha kwenye bomba la kupulizia, toboa dumu lisitumike tena. Sio la maji, sio la mafuta ya taa, sio la pombe ya msibani.

Meno ya kahawia ya watu wa Arusha ndo hii florini?

Hapana, na hili naulizwa sana. Ile ni floraidi ya asili kutoka kwenye miamba ya volkano, inaingia kwenye maji ya visima na mito kuanzia Arusha na Meru mpaka Nakuru. Elementi ni moja ila tabia ni mbali kabisa, floraidi ya maji ni chumvi iliyoyeyuka, hii ya frampeni imefungwa na kaboni haibanduki. Ile ya maji inachujwa hata kwa mkaa wa mifupa, kituo cha Ngurdoto wamefanya kazi hiyo miaka mingi. Usichukie dawa ya meno kwa sababu ya frampeni.

Za "granaiti" je, si ni mawe?

Nyingi ni PTFE ile ile imenyunyiziwa madoadoa. Jiwe halipo. Za seramiki ni kitu kingine, hazina florini, ila ngozi yake inachoka mapema.

Hiyo florini yenyewe inatoka wapi?

Jirani tu hapo. Bonde la Kerio, Kenya, pale Kimwarer, walichimba madini ya florspa kuanzia miaka ya 70, yakasafirishwa nje, na wenyeji waliohamishwa wamedai fidia miaka nenda rudi. Mgodi ulisimama 2016 bei ya dunia iliposhuka, siku hizi mchimbaji mkubwa ni China. Florspa inapikwa na asidi ya sulfuriki inatoa asidi ya haidrofloriki, hiyo inakutanishwa na klorofomu inakuwa R22, ndio, R22 hii hii mafundi friji wanaijua, na R22 ikipashwa inatoa gesi ya kutengenezea PTFE. Njiani inazaliwa R23 pia, ambayo ikiachwa angani inapasha dunia zaidi ya mara elfu kumi ya kaboni dayoksaidi.

Sasa unakumbuka ile chokaa ya insinereta inayonasa asidi? Kinachopatikana pale ni kalsiamu floraidi. Ndo florspa yenyewe kwa jina lingine, jiwe la Kerio limerudi kuwa jiwe, ila limechanganyika na majivu na uchafu mwingine, kwa hiyo huwa linafukiwa tena wanaenda kuchimba jipya.

Nina frampeni mbili zimebanduka, nifanyeje leo?

Usizichome na taka uani, hilo la kwanza. Kama chini imebanduka achana nayo kupikia, vipande vikimezwa vinapita tu lakini hakuna faida ya kuvila. Ukimuuzia wa skrepa mwambie ni nonstiki, atakucheka, mwambie tu. Au ipe kazi ya baridi, weka misumari, weka chini ya chungu cha maua. Yangu iko uani wanaitumia kuku kunywea maji, na hao ndo wangekufa wa kwanza kama ingekuwa jikoni.